Maharage Aliyoyaacha Zulmira kwenye Friza

Mama yangu, Zulmira, alifariki Jumanne moja ya Machi akiwa anaanua nguo. Moyo ulisimama, basi. Hakuugua, hakulazwa, hakutuaga. Misa ya siku ya saba ilipopita, kaka yangu Valdeci alinivuta kando uani, pale nyumbani kwa wazazi katika mji wa Bocaiúva, akaninong'oneza:

"Ivonete, mzee hawezi kubaki humu peke yake. Hajui hata kuchemsha maji."

Sikubishana naye. Valdeci anakaa jijini Belo Horizonte, ghorofa ya tisa, vyumba viwili na watoto watatu. Mimi nipo Montes Claros, si hata saa moja kwa gari kutoka kwa wazazi, mume nimeachana naye siku nyingi, na chumba cha nyuma kilikuwa kimejaa vyuma vya kazi yangu tu.

"Atakuja kwangu," nikasema.

Baba akafungasha begi moja: nguo, redio, wembe. Halafu akaenda jikoni, akafungua friza, akasimama mbele yake huku ubaridi ukimmwagikia miguuni.

"Na haya je?"

Yalikuwa makopo kumi na moja ya aiskrimu, yale ya lita mbili, na ndani yake hapakuwa na aiskrimu. Valdeci alipokuwa mdogo alikuwa akifungua kila kopo kwa matumaini na kulifunga akinuna. Mama alichemsha maharage kila Jumamosi na kuyagandisha. Juu ya kila kifuniko alibandika utepe wa karatasi wenye tarehe kwa mwandiko wake wa kulala. Utepe wa mwisho ulikuwa wa Jumamosi ya kabla ya kifo chake.

"Tunaondoka nayo," nikamwambia baba.

Niliyapanga kwenye sanduku la foamu, nikaziba pembe zote, na yalifika kwangu magumu kama matofali. Hilo sijisifii, ndiyo kazi yangu. Mimi ni fundi wa mafriji na mafriza, mwaka wa kumi na tisa huu. Mabucha ya mjini, baa, kantini za shule, hata chumba cha baridi cha kiwanda kimoja cha maziwa, vyote vimepita mikononi mwangu. Kitu kikitakiwa kikae kwenye baridi bila kuharibika, naitwa mimi.

Jumapili ya kwanza nilitoa kopo moja, nikalimwagia maji ya bomba kwa nje mpaka donge likaachia, nikalitumbukiza sufuriani na maji kidogo, moto mdogo. Likayeyuka vizuri. Nikatia chumvi. Nikapika wali, nikakatakata sukuma wiki nyembambanyembamba kama anavyopenda, nikampakulia.

Baba akaonja kijiko kimoja. Akakilaza kijiko pembeni mwa sahani.

"Vipi?"

"Siyo yenyewe."

"Siyo yenyewe vipi, baba? Umeyaona mwenyewe nikiyatoa. Mwandiko wa mama huu hapa."

"Mwandiko ni wake. Maharage siyo yenyewe."

Akala wali na yai. Kopo la pili, hadithi ile ile. La tatu nikaongeza kile kiungo cha dukani cha kwenye paketi, na hilo hakulimaliza kulinusa. Akaanza kukonda. Mkanda wa suruali alitoboa tundu jipya kwa msumari wangu wa kazi. Mzee aliyefanya kazi relini miaka thelathini, mabega yake ya kunyanyua vyuma, sasa alikuwa akila kama shomoro na kukaa chumba cha nyuma kusikiliza redio iliyopunguzwa sauti.

Siku moja, bila hata kunitazama, akasema, "Friza yako imeyaua."

Jamani! Mtu anaweza kuniambia nimezeeka, au kwamba mume wangu alikimbia makelele yangu. Lakini friza yangu!

"Friza yangu?" Nikachukua kipimajoto, nikakiweka ndani robo saa, nikamletea mpaka kitandani. "Soma. Kumi na nane chini ya sifuri. Soma kwa sauti."

"Nimeona."

"Friza haiui chakula, baba. Friza inakisimamisha. Kilivyoingia ndivyo kinavyotoka, kama ni kitamu kitamu, kama ni kibaya kibaya. Haiongezi wala haipunguzi."

"Basi mbona hakuna ladha?"

Nikampigia Valdeci. Akasema ni huzuni, mpeleke hospitali. Nikampeleka. Daktari akampima kila kitu, akasema moyo mzuri, sukari nzuri, ana msiba tu, mpe muda. Muda sawa, lakini makopo yalikuwa yamebaki manane, na mwenyewe hayali.

Nilirudi nyumbani nimekasirika, na mimi nikikasirika natafuta hitilafu. Mteja akisema friji haigandishi, sianzi kwa kumwamini wala kwa kumbishia. Naanza kwa kushika kitu chenyewe. Basi nikatoa kopo la nne, nikaliyeyusha, na kabla ya kutia chochote nikachota kijiko nikaonja.

Maharage na maji. Basi. Yameiva vizuri, laini, yana mchuzi mzito, lakini hamna chumvi, hamna kitunguu saumu, hamna mafuta. Mama alikuwa akiyagandisha matupu.

Nilisimama pale nimeshika kijiko. Miaka yote nilidhani ule utamu uliingia kwenye kopo siku ya Jumamosi. Kumbe kwenye kopo hakuna kitu, ladha ilikuwa inatiwa baadaye, siku ya kula. Na mimi kwenye nyumba ya mama nikifika nilikuwa nakaa barazani na Valdeci tukipiga soga mpaka tuitwe mezani.

"Baba!" nikaita. "Njoo hapa jikoni."

Akaja taratibu na soksi zake. Nikamkalisha, nikamhoji kama ninavyohoji wateja.

"Mama akishatoa kopo, anafanya nini?"

"Kama ulivyofanya wewe. Maji kidogo, moto mdogo."

"Halafu?"

"Halafu ananiita."

"Anakuita ufanye nini?"

"Kuponda kitunguu saumu. Si unajua vidole vyake? Vilikuwa vimevimba, mchi haushikiki."

"Unakiponda chenyewe tu?"

"Na chumvi ya mawe. Bila chumvi kinateleza."

"Ukishaponda, nani anakaanga?"

Akanitazama kana kwamba nimemuuliza jua linatokea wapi. "Kinu ninacho mimi, mafuta ya nguruwe yameshapata moto, nimpe nani? Namimina mimi. Kikianza kupata rangi nachota upawa mmoja wa maharage natia kwenye kikaango, nayaponda kwa mgongo wa upawa, narudisha yote sufuriani, nakoroga. Basi. Kazi ndogo."

"Na mama muda huo?"

"Amekaa pale kwenye stuli ananisema. Moto mkubwa, Abílio. Utakiunguza, Abílio. Wewe ni wa reli, unadhani hicho ni chuma?"

"Kwa miaka mingapi?"

Akahesabu kimoyomoyo. "Mikono yake ilianza kuvimba mwaka ule Valdeci alipooa."

"Valdeci alioa miaka kumi na minne iliyopita."

"Basi kumi na minne."

"Baba, sikiliza. Mpishi ulikuwa wewe."

"Acha upuuzi wako. Mpishi alikuwa mama yako. Mimi nilikuwa naponda."

"Sasa mbona hapa hukuponda? Wiki tatu unaniambia siyo yenyewe, siyo yenyewe. Si ungesema hayana kitunguu!"

Aliangalia mikono yake juu ya meza.

"Hapa hakuna aliyeniita," akasema. Halafu, kwa sauti ya chini zaidi: "Nilijua kuna kitu hakipo, Ivonete. Nilidhani ni yeye."

Nilimgeuzia mgongo nikajifanya natafuta kitu kabatini. Nilipogeuka, nilikuwa nimeshachukua funguo za gari.

"Vaa viatu. Sina kinu."

Sokoni alibadilika. Alipita vinu vyote vya mbao akivigonga kwa kidole, akisikiliza. Muuzaji mmoja akamwambia, "Mzee, hivyo ni vinu, siyo matikiti."

"Tikiti likiwa bovu nakula siku moja naumwa," baba akamjibu. "Kinu kikiwa kibovu nakula vumbi la mbao maisha yangu yote. Nipe kile cha nyuma unachokificha."

Akapewa kile cha nyuma. Akachagua vitunguu saumu vidogo vya zambarau, akakataa vile vikubwa vyeupe nilivyoshika mimi, akasema vile ni vya kupiga picha. Akaonja mafuta ya nguruwe kwa ncha ya kidole kwenye mabanda matatu. Mimi nilikuwa nambebea mfuko tu.

Nyumbani alivua saa, akakunja mikono ya shati. Nilisimama kando. Mchi ulipoanza kugonga, harufu ilijaa chumba kizima. Mafuta yakapata moto. Kitunguu kikaingia, kikachemka povu jeupe, na yeye akainamisha kikaango upande kidogo kama aliyekuwa akisikiliza treni ikija mbali. Hapo, sijui kwa nini, nikasema:

"Moto mkubwa, Abílio."

Nikaogopa nimekosea. Yeye akacheka mpaka mabega yakatikisika, akapunguza moto. Upawa wa kwanza wa maharage ulilia kikaangoni kwa kelele, akayasaga, akayarudisha sufuriani, akakoroga mpaka mchuzi ukashika.

Tulikula tukiwa wima, pale pale jikoni. Ndiyo yenyewe. Yalikuwa yenyewe kabisa, kama vile mtu amefungua mlango wa nyumba ya Bocaiúva na sisi tumo ndani. Baba alikula sahani mbili akafuta ya pili kwa mkate. Machozi yalimtoka huku akitafuna, na hakuyafuta wala hakuacha kutafuna.

"Friza yako ni nzima," akasema mwishoni.

"Nakubali msamaha."

Yale makopo saba yaliyobaki hatukuyafanyia sherehe. Tuliyala moja baada ya jingine kwa tarehe zake, kama mama alivyokusudia. Tulipofika la mwisho nilimuuliza kama tuliweke. Akafikiri, akasema, "Zulmira hakuchemsha kitu cha kutazamwa. Litoe." Tukalila siku ya Jumatano, mvua ikinyesha.

Ila kabla ya hapo, nilipoona yanakaribia kuisha, tulikuwa tumeshaanza ya kwetu. Hapo ndipo mzee alipojua kwamba kuponda na kuchemsha ni mambo mawili. Sufuria ya presha ilimtisha. Ilipoanza kupiga mluzi alitoka mpaka uani, akanielekeza akiwa nyuma ya mti wa ndimu. Mtu aliyeendesha mitambo ya reli! Jumamosi ya kwanza aliyachemsha yakaiva, akafurahi, akayamimina makoponi yangali ya moto, akajaza mpaka mdomoni, akayasukumia kwenye friza nikiwa kazini. Asubuhi vifuniko vitatu vilikuwa vimefunguka vyenyewe, mchuzi umeganda mpaka kwenye kuta, na barafu imeota kila mahali.

"Hii sasa ni zamu yangu kukufundisha," nikamwambia. "Kwanza yapoe. Ukiweka moto humu, unapasha na vingine vyote. Pili, acha nafasi ya vidole viwili juu, kwa sababu maji yakiganda yanatanuka. Tatu, mchuzi uyafunike. Harage likibaki nje ya mchuzi linakauka, linakuwa changarawe."

"Na chumvi?"

"Chumvi si idara yangu. Mama hakutia."

"Basi hatutii."

Akaandika tarehe kwenye utepe yeye mwenyewe, kwa herufi kubwa zilizonyooka kama za vibao vya stesheni.

Siku ya Akina Mama, Mei, Valdeci alikuja peke yake. Mkewe na watoto walikuwa kwa mama mkwe. Aliingia na sura ya msiba, akaomba baraka kwa baba kama tulivyolelewa, "Baraka, baba," naye akajibiwa, "Mungu akubariki, mwanangu. Umenenepa." Nilikuwa nimemsimulia kwenye simu kwamba baba sasa anakula. Ya kinu na kikaango sikumsimulia, nilitaka aone mwenyewe.

Tukakaa mezani. Valdeci akala kijiko cha kwanza akafumba macho.

"Ya mama," akasema. "Ya mama haya. Yamebaki makopo mangapi?"

"Hamna," baba akasema. "La mwisho tulilila Jumatano."

"Kwa hiyo haya..."

"Ya kwangu. Nimechemsha wiki mbili zilizopita, leo nimeyeyusha."

Nilisubiri acheke. Nilikuwa tayari hata nimeshaanza kutabasamu. Lakini Valdeci aliweka kijiko chini, uso wote umekuwa mwekundu.

"Mmeyala yote? Kumi na moja? Hamkuniachia hata moja?"

"Valdeci..."

"Na mimi ni mtoto wake, Ivonete! Si ungenipigia simu? Dakika moja tu! Ungesema, kaka, limebaki moja, njoo."

Akasukuma kiti akatoka uani. Na mimi, niliyekuwa nimejiona bingwa mwezi mzima kwa kugundua hitilafu, nilibaki nimekaa. Alikuwa na haki. Nilikuwa naye kwenye simu kila Jumapili na halikunijia kichwani kwamba hata yeye angetaka kuonja.

Baba akanyanyuka akamfuata. Dirisha lilikuwa wazi, nikawasikia.

"Hilo kopo ungelipata, ungelifanyia nini?"

"Ningeliweka tu."

"Wapi?"

"Kwenye friza yangu. Niwe naliona nikifungua."

Baba hakumcheka. Akasema, "Lisingekuwa na chumvi, mwanangu. Halikuwa na chumvi wala kitunguu. Ungelifungua siku moja ukiwa na hamu naye, ukayala, ungesema huyu siye. Mimi yalinikuta, wiki tatu nzima. Sitaki yakukute wewe huko ghorofani peke yako."

Valdeci alisema kitu sikukisikia. Kisha nikasikia baba: "Njoo ndani. Vua hiyo saa."

Akamsimamisha mbele ya jiko, akamkabidhi mchi. Kaka yangu ni mhasibu, mikono yake laini kama ya padri. Kitunguu cha kwanza kiliruka nusu kikaangukia sakafuni. Cha pili kiliingia kwenye mafuta kikawa cheusi papo hapo.

"Hilo ni kaa," baba akasema, akamwaga. "Anza upya."

"Baba, moto wako mkubwa."

"Umeona? Umeshaanza kunisema. Sasa punguza."

Cha tatu kilitoka vizuri. Valdeci alikula tena, sahani nzima ya mkono wake mwenyewe, na jioni aliondoka na makopo manne kwenye sanduku langu la foamu na kinu cha pili ambacho baba alikuwa amekinunua bila kutuambia. Mlangoni alinikumbatia. "Siku nyingine unipigie," akasema. Nikamwahidi, na sijaivunja ahadi hiyo.

Lakini kabla hajaingia kwenye gari, baba alitutangazia jambo.

"Mwezi ujao narudi kwangu."

"Kurudi?" Valdeci akasimama. "Bocaiúva? Na nani atakupikia?"

Nilimtazama tu, baba naye akamtazama, mpaka Valdeci mwenyewe akajikuna kichwa na kuingia kwenye gari akitingisha kichwa.

Nilimrudisha baba Juni, Jumamosi. Niliikagua friza ya mama, nikabadilisha mpira wa mlango uliokuwa umelegea, nikaiacha ikinguruma vizuri. Mwanzo nilienda kila baada ya siku mbili kwa hofu. Kisha kila wiki. Baadaye nikawa naenda kwa sababu nina njaa.

Mara ya mwisho nilifika bila kusema, saa sita mchana. Wazee watatu wa reli, wote wajane, walikuwa wamezunguka meza ya mama wakichambua maharage juu ya kitambaa, mawe huku, mabovu kule, wakibishana kuhusu treni fulani iliyowahi kuchelewa, miaka arobaini na zaidi iliyopita. Baba alikuwa jikoni ameinamisha kikaango. Viti vyote vilikuwa na watu.

"Chukua sahani," akaniambia bila kugeuka, "ule umesimama. Hawa walishaweka nafasi."